Krause, Whitman, Spink au Gietl: Kuchagua Katalogi ya Sarafu Wakati Wachapishaji Wanauzwa na Kununuliwa

Chukua pesa ya shaba ya Zanzibar yenye picha ya mizani, ile iliyopigwa enzi za Sultan Barghash bin Said. Ipo ya mwaka 1299 wa Hijria na ipo ya mwaka 1304, na mtu asiyesoma tarakimu za Kiarabu anaweza kuziweka pamoja akidhani ni kitu kimoja. Muuzaji wa London, Dubai au Chicago hahangaiki kuzieleza. Huandika KM#1 kwa ile ya kwanza na KM#7 kwa ile ya pili, na mnunuzi aliye mbali anajua bila shaka yoyote anauziwa nini. Herufi hizo ni za majina ya watu wawili, Krause na Mishler, ambao katalogi yao ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1972. Kampuni iliyoichapisha imekwisha kuuzwa, aliyeinunua akafilisika, na mali zake zikagawanywa kwa wanunuzi mbalimbali. Namba zimebaki, na kila siku zinaandikwa na watu wasiojua zilitoka wapi.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa mtu anayetaka kununua katalogi leo. Jina lililo kwenye jalada linaweza kuwa lilelile la miaka hamsini iliyopita ilhali mmiliki amebadilika mara mbili au tatu, na mabadiliko hayo huonekana ndani ya kitabu: kama bei zinapitiwa upya, kama sarafu mpya zinaongezwa, kama yuko mtu wa kupokea masahihisho ya wasomaji na kuyafanyia kazi. Nimezilinganisha hapa familia nne za katalogi zilizochapishwa, pamoja na hifadhidata za mtandaoni zinazochukua nafasi yake, nikimfikiria kwanza mkusanyaji wa sarafu za Afrika Mashariki, awe yuko Tanga, Muscat au Toronto. Kwa kila moja nimeuliza nani anaimiliki na aliipataje, namba zake zinatumiwa na nani, na bei zake zinatoka wapi.

Krause: namba za dunia nzima, kitabu kisichoendelea

Chester Krause alikuwa fundi wa ujenzi na useremala katika kijiji cha Iola, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, alipoanzisha gazeti la Numismatic News mwezi Oktoba 1952. Shabaha yake ilikuwa kuwawezesha wakusanyaji walioishi vijijini kama yeye, mbali na maduka ya mijini, watangaziane sarafu za kuuza na kubadilishana. Clifford Mishler alijiunga naye mwaka 1963. Walipotoa Standard Catalog of World Coins mwaka 1972, walikuwa wamejitwika kazi kubwa: kuziweka sarafu za nchi zote katika kitabu kimoja, kila aina na picha yake, miaka yake, idadi iliyopigwa pale inapojulikana, na bei yake kwa kila daraja la ubora. Kabla yao mkusanyaji alilazimika kuwa na kitabu cha William Craig kwa sarafu za kati ya 1750 na 1850, na kile cha R. S. Yeoman kwa zilizofuata, na hata baada ya hapo nchi nyingi zilibaki na mapengo.

Kitabu hicho kilikua mpaka kikagawanywa katika juzuu za karne, kuanzia karne ya 17, na juzuu ya karne ya 20 peke yake ikapita kurasa 2,000. Kwa sarafu zetu hiki ndicho kilichokuwa kitabu kimoja kilichobeba karibu kila kitu. Humo mna riali ya fedha ya Barghash, pesa na rupia za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, sarafu za Mombasa za mwaka 1888 za Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza, shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na sarafu nne za kwanza za Tanzania za mwaka 1966, yaani senti 5 ya samaki, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura na shilingi 1 ya mwenge, zilizopewa KM#1 hadi KM#4. Humo pia mna senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyejiuzulu kabla ya kutawazwa. Sarafu hizo ziliingia mzunguko wa kawaida kwa kuwa zina tundu katikati na hazikuhitaji sura ya mfalme. Uingereza kwenyewe hakuna sarafu yake iliyopata kutumika madukani, na ndiyo maana wakusanyaji wa Ulaya hutafuta senti zetu hizo hadi leo.

Sasa tuutazame umiliki. Krause aliwaachia wafanyakazi wake kampuni kwa njia ya hisa, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoifanya katalogi hiyo iwe bora katika miongo yake mizuri, kwa sababu waliokuwa wakihariri kurasa walikuwa pia wenye mali. Mwaka 2002 kampuni iliuzwa kwa F+W Publications ya Cincinnati, kampuni ya vitabu na majarida ya mambo mengi ya kujipumbaza, kuanzia uandishi hadi ushonaji, ambayo yenyewe ilikuwa chini ya mifuko ya uwekezaji. Mifuko ya namna hiyo hununua kampuni kwa nia ya kuiuza tena kwa faida baada ya miaka michache, na mara nyingi huibebesha madeni. Tarehe 10 Machi 2019 F+W iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, ikiwa na deni lililozidi dola milioni 100. Vitabu vyake, pamoja na katalogi za Krause, vilinunuliwa na Penguin Random House, kampuni iliyo chini ya Bertelsmann ya Ujerumani. Magazeti ya sarafu, likiwemo Numismatic News lenyewe, yalikwenda kwa mnunuzi mwingine, Active Interest Media.

Ninaona kutenganishwa huko kuwa pigo kubwa kuliko kufilisika kwenyewe. Katika mpango wa Iola, gazeti na katalogi vililishana: wasomaji wa gazeti ndio walioleta habari za sarafu zisizoorodheshwa, matangazo ya wauzaji ndiyo yaliyoonyesha bei inakokwenda, na wahariri walikuwa chini ya paa moja. Mchapishaji mkubwa wa vitabu vya kila aina anaweza kuichapa katalogi akitaka, lakini hana karibu yake jumuiya ya watu wanaoisahihisha kila wiki. Mfululizo wa kila mwaka ulikatika.

Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba Krause hupatikana sasa kama kitabu kilichotumika. Hilo lisimtishe mtu. Maelezo ya sarafu ya mwaka 1890 hayaozi, na toleo lolote la miaka ya 2000 au 2010 lililo katika hali nzuri litatambua sarafu sawasawa na litatoa namba zilezile. Anayekusanya za pwani anahitaji juzuu mbili, ya karne ya 19 na ya karne ya 20, na ajue kuwa mpaka wa karne unapita katikati ya baadhi ya mifululizo, kama rupia za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilizopigwa kuanzia 1890 hadi 1902. Kinachooza ni bei. Katalogi ya zamani haidanganyi sana kwenye senti za shaba, lakini kwenye fedha na dhahabu inaweza kumpotosha mtu vibaya mno, nami nitalirudia hili nitakapofika kwenye sarafu ya Tabora.

Whitman: aliyeuzwa mara nyingi zaidi na bado yupo

Mtu akisoma habari za Krause anaweza kudhani kuwa kuuzwa ndiko kunakoua katalogi. Whitman inaonyesha vingine kabisa. Kitabu chake kikuu, A Guide Book of United States Coins, ambacho wakusanyaji hukiita Kitabu Chekundu kwa rangi ya jalada lake, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1946 kikiwa na tarehe ya 1947, kikiandaliwa na R. S. Yeoman aliyetajwa hapo juu. Whitman ilikuwa tawi la kampuni ya Western ya mji wa Racine, nayo iko Wisconsin, na biashara yake ya sarafu ilianzia kwenye mbao za karatasi ngumu zenye matundu ya kupangia sarafu, zilizokuwa maarufu Marekani katika miaka ya 1930.

Western ilinunuliwa na Mattel, kampuni ya vitu vya kuchezea watoto, mwaka 1979. Ikauzwa tena mwaka 1984. Mwaka 1996 ikageuzwa jina kuwa Golden Books Family Entertainment. Na mwaka 1999 Golden Books ikaingia kwenye ufilisi. Katika misukosuko hiyo idara ya sarafu iliondolewa ikapelekwa St. Martin's Press ya New York, na mwaka 2003 ikachukuliwa na familia ya Anderson, iliyoijenga upya huko kusini mwa Marekani. Katika miaka ya karibuni Whitman imeunganishwa na CDN Publishing, wachapishaji wa Greysheet, orodha ya bei za jumla ambayo wauzaji wa sarafu wa Marekani wamekuwa wakiitegemea tangu 1963. Katika safari yote hiyo Kitabu Chekundu kiliendelea kutoka.

Kuna jambo moja la kushangaza hapa. Vitabu vya watoto vya Golden Books vilinunuliwa na Random House mwaka 2001, na miaka 18 baadaye kampuni hiyohiyo, ikiwa imekwisha kuungana na Penguin, ikanunua vitabu vya Krause. Laiti idara ya sarafu ya Whitman isingekuwa imeondolewa mapema, huenda katalogi hizo mbili za Wisconsin zingelala katika ghala moja, na sina hakika kama Kitabu Chekundu kingekuwa hai.

Kwa nini kimoja kiliishi na kingine hakikuishi? Naona sababu mbili. Kitabu Chekundu kinahusu nchi moja, kwa hiyo kazi ya kukipitia kila mwaka ni ya watu wachache, na mauzo yake ni makubwa kwa kuwa watu hupeana kama zawadi. Krause ilibeba dunia nzima, pamoja na mafuriko ya sarafu za kumbukumbu ambazo kila serikali hutoa kila mwaka kwa ajili ya kuwauzia wakusanyaji. Sababu ya pili ni kwamba waliomnunua Whitman katika mikono yake ya mwisho walikuwa watu wa biashara hiyohiyo, wenye albamu, vibao na wateja wa sarafu. F+W ilikuwa na Krause kama duka moja kati ya maduka mengi.

Kwa mkusanyaji wa pwani, hata hivyo, Kitabu Chekundu hakina msaada, kwa sababu hakuna sarafu yetu hata moja ndani yake. Kinamfaa Mswahili aishiye Marekani ambaye watoto wake wanaanza kuokota senti na robo dola za huko, na huyo ndiye nitakayempa bila kusita, kwani bei yake ni nafuu na kurasa zake za mwanzo zinafundisha vizuri namna ya kupima hali ya sarafu.

Spink: mchapishaji ambaye pia ni muuzaji

Uingereza ilikuwa na kampuni ya B. A. Seaby, iliyoanzishwa mwaka 1926, na mwaka 1929 ikatoa orodha ya sarafu za Uingereza iliyokuja kuwa rejea ya kila mkusanyaji wa huko. Kila aina ya sarafu ilipewa namba yenye herufi S mbele yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Seaby ilivunjika kama ilivyovunjika F+W baadaye, biashara ya kuuza sarafu upande mmoja na vitabu upande mwingine, na katika muongo huohuo katalogi ikaingia kwa Spink, nyumba ya London inayohesabu umri wake kuanzia 1666. Spink yenyewe ilinunuliwa na nyumba ya mnada ya Christie's mwaka 1993 na kuachiwa tena mwaka 2002.

Ni vigumu kupata mfano mzuri zaidi wa katalogi iliyohamishwa bila kujeruhiwa. Spink hawakugusa mfumo wa namba, na kwa bahati jina lao pia linaanza na S, hivyo mnunuzi aliyekuwa akiandika S. kwa maana ya Seaby aliendelea kuandika S. kwa maana ya Spink bila kubadili hata nukta. Katalogi hutoka kila mwaka, na sasa sarafu za zamani na zile za mfumo wa desimali zina juzuu zake tofauti.

Tahadhari yangu kuhusu Spink haihusu ubora. Spink ni nyumba ya mnada. Anayechapisha bei ndiye anayepokea sarafu za watu kwa kuziuza, na Seaby naye alikuwa hivyohivyo. Sisemi kuwa bei zimepindishwa. Ninasema msomaji azichukue kama bei ambayo muuzaji mzuri wa London angeitaja dukani kwake, ambayo ni ya juu kuliko atakayolipwa mtu anayeuza. Na kwa mkusanyaji wetu kuna kikwazo kikubwa zaidi: katalogi hii ni ya sarafu za Uingereza yenyewe, wala haiorodheshi zile zilizopigwa kwa ajili ya makoloni. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, ingawa ilipigwa na Waingereza kwa jina la mfalme wao, haimo.

Battenberg Gietl na sarafu ya tembo ya Tabora

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wakusanyaji wanaosoma Kiswahili na Kiingereza huipita njia hii kwa kudhani kuwa katalogi ya Kijerumani haiwahusu. Battenberg Gietl, kampuni ya mji mdogo wa Regenstauf huko Bavaria, imekusanya chini ya paa moja vitabu viwili vikuu vya rejea vilivyoanzia kwingine. Kimoja ni katalogi ya sarafu za dunia za karne ya 20 na 21 iliyoanzishwa na Günter Schön na kuendelezwa na Gerhard Schön. Kingine ni katalogi ya Kurt Jaeger ya sarafu za Kijerumani tangu 1871, ambayo ndani yake mna makoloni. Majina ya wachapishaji yalibadilika, ila namba za Jaeger hazikubadilika, na leo hakuna muuzaji wa Ujerumani anayeorodhesha pesa ya mwaka 1890 au heller (sarafu ndogo ya Afrika Mashariki ya Kijerumani) ya Tabora bila kuandika J. na namba yake.

Ubora wa Jaeger unaonekana zaidi kwenye sarafu za Tabora. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ikiwa imezingirwa na haipati sarafu kutoka Ulaya, mashine ziliwekwa katika karakana ya reli mjini Tabora, na zikapigwa heller 5, heller 20 na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa zaidi ya 16,000, na zipo za aina mbili, kutegemea mahali linapoishia pambo lililo chini ya maandishi: chini ya herufi T au chini ya herufi A ya kwanza katika neno Ostafrika. Krause anazitenga kama KM#16.1 na KM#16.2, Jaeger kama 728a na 728b. Lakini kwenye heller 20, zilizopigwa kwa haraka kwa shaba na kwa shaba nyeupe iliyochanganywa zinki, zikiwa na maumbo tofauti ya taji upande mmoja na ya matawi upande wa pili, Jaeger na wafuasi wake ndio waliofanya kazi ya kuzipanga kwa subira, kwa sababu kwao ni sehemu ya historia ya nchi yao, ilhali kwa katalogi ya dunia nzima ni mistari michache katika ukurasa.

Rupia 15 hiyo pia ndiyo mfano wangu wa bei zinazooza. Ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu safi, yaani gramu 5.376. Mtu anayetumia Krause ya miaka 15 iliyopita kuuza sarafu hii anaweza kujikuta akiitoa kwa bei ambayo haizidi sana thamani ya dhahabu yake peke yake. Kabla ya kufungua katalogi yoyote kwa sarafu ya dhahabu, piga hesabu ya dhahabu kwa bei ya siku hiyo. Hiyo ndiyo sakafu, na katalogi inakusaidia kujua ni kiasi gani juu ya sakafu.

Udhaifu wa Gietl ni lugha. Hata hivyo jedwali la mwaka, madini, uzito na bei linasomeka na mtu asiyejua Kijerumani akishajifunza maneno kama ishirini, na kwa sarafu za kabla ya 1918 za Tanganyika, Rwanda na Burundi za leo, juhudi hiyo inalipa.

Mtandao, na wamiliki wake

Wengi wataniuliza kwa nini mtu anunue kitabu wakati bei ziko kwenye intaneti. Swali ni la haki, lakini wanaouliza huwa hawaulizi nani anamiliki ukurasa wanaousoma. Mwongozo wa bei za sarafu za dunia ulio kwenye tovuti ya NGC umepangwa kwa namba za KM na unaweza kusomwa bila malipo. NGC ni kampuni ya kupima na kufunga sarafu katika vibao vya plastiki, na mwaka 2021 mfuko wa uwekezaji wa Blackstone ulinunua sehemu kubwa ya kampuni mama yake. Mwaka huohuo kampuni inayomiliki PCGS, mshindani wake, nayo ilinunuliwa na kundi la wawekezaji binafsi ikaondolewa kwenye soko la hisa. Kwa hiyo ujuzi uliokuwa ukihifadhiwa na wachapishaji unahamia kwa makampuni ya upimaji, ambayo hupata faida pale sarafu zinapopelekwa kupimwa. Bei wanazozitaja aghalabu zinafaa sarafu iliyokwisha kupimwa na kufungwa, na mtu mwenye sarafu iliyochakaa kutoka kopo la bibi yake asijipimie kwa bei hizo.

Numista ni ya namna nyingine. Ni hifadhidata iliyoanzia Ufaransa na inayojengwa na wakusanyaji wenyewe, kila mmoja akiongeza picha na masahihisho, huku waamuzi wakiyapitia. Ina namba zake, lakini huandika pia namba za KM na za katalogi nyingine kando yake. Ile jumuiya ya wasomaji wa gazeti la Iola niliyoisikitikia hapo juu imezaliwa upya hapa, bila gazeti. Kwa sarafu za Kenya, Uganda na Tanzania za miaka ya karibuni, ambazo Krause hakuzifikia, mimi huanzia Numista. Naisifu kwa moyo wote, na bado sishauri mtu aitegemee peke yake, kwa sababu tovuti ikizimwa hubaki na kumbukumbu tu ya ulichokisoma, ilhali Krause iliyo rafuni haikutikisika siku F+W ilipofika mahakamani.

Nani achague ipi

Mkusanyaji wa kawaida wa Afrika Mashariki, anayetaka kutambua anachonacho na kuzungumza na wauzaji wa nje, anunue Krause mbili zilizotumika, ya karne ya 19 na ya karne ya 20, asijali toleo maadamu kurasa zimetimia, na bei azitafute kwenye matokeo ya minada ya miaka miwili mitatu ya karibuni. Akiwa na fedha ya kitabu kimoja tu, achukue ya karne ya 20, maana za karne ya 19 za pwani ni chache na anaweza kuzinakili kutoka kwa rafiki.

Anayejikita kwenye enzi za Wajerumani, na hasa Tabora, atangulize Jaeger kabla ya Krause. Nimeona watu wakinunua heller 20 tano wakidhani ni sarafu moja yenye nakala tano, kumbe mkononi wanazo aina tatu, na mmoja wapo aliiuza ile adimu kwa bei ya ile ya kawaida kwa sababu kitabu alichokuwa nacho hakikuzitofautisha.

Anayekusanya za Uingereza achukue Spink, na aliye Marekani achukue Kitabu Chekundu; katika mambo hayo mawili sioni mashindano. Wanaokusanya za Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi warudi kwa Krause, kwa kuwa Gietl hana mkazo huko na Spink hawagusi.

Wamebaki wenye mapenzi na sarafu za kale zaidi, zile za shaba za masultani wa Kilwa, kama Ali bin al-Hasan na Sulaiman bin al-Hasan, ambazo baadhi yake zilifukuliwa hata visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia mwaka 1944. Juzuu za Krause zinaanza karne ya 17, kwa hiyo Kilwa imeachwa nje kabisa, na hakuna mchapishaji kati ya hao wanne anayeweza kuwasaidia. Wao waanzie kwenye orodha ya sarafu za Kiislamu ya Stephen Album, mtaalamu wa California aliyeichapisha mwenyewe na ambaye kampuni yake huitoa bure kama faili la kupakua. Mwenye kuipakua aichape kwenye karatasi na kuijalidi.